Kuhusu Mikindu ya Kilima Kikavu

Kwako Kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, uliyekaa katika nafasi ya baba tangu baba alipotutoka. Na kwako Shemeji, ambaye najua ndiye utakayeishika karatasi hii na kuisoma kwa sauti, kwa kuwa macho ya Kaka yamekatazwa kuhangaika na maandishi:

Ninawasalimu nyote wawili kwa heshima mnayostahili, na bila kuzunguka ninaitaja haja yangu hapa juu kabisa, kama ipasavyo katika barua yenye ombi. Haja yangu ni kwamba shamba la kilimani lisiuzwe kwa mchimba mawe. Yatakayofuata ni maelezo ya sababu zangu, pamoja na jambo moja nililolifanya bila ruhusa yako, Kaka, ambalo nimeliweka mahali pake na si mwanzoni. Shemeji, nakuomba usiruke aya ili kulifikia.

Kabla ya hayo, nijulisheni habari za macho. Mara ya mwisho Kaka aliniambia kwamba daktari amempa miwani ya giza na kumtaka achague kati ya moto wa kuchomelea na kuziona sura za wajukuu. Nilicheka kwa kuwa yeye mwenyewe alicheka, lakini nilipokata simu sikuweza kuendelea na kazi iliyokuwa mezani. Je, machozi bado yanamtiririka asubuhi? Bado anaingia karakana kwa kisingizio cha kuwasimamia mafundi, kisha anaishia kushika mashine mwenyewe? Swali hilo la pili nakuomba ulijibu wewe, Shemeji, kwa kuwa yeye atalipiga chenga.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu anawasalimu, na anasema ule mshono wa gauni alioahidiwa na Shemeji bado anausubiri, asidhaniwe amesahau. Dada yetu wa bondeni ana afya ya mwili, ila moyo wake hautulii, na sababu ya kutotulia kwake ni sehemu kubwa ya barua hii.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, kwenye simu wewe hunishinda kabla sijameza mate. Tangu utotoni sauti yako hufika kwanza, nami hujikuta nimekwisha kusema ndiyo kwa jambo ambalo bado nalifikiria. Kwenye karatasi tunalingana. Tena hii ndiyo kazi inayonilisha. Pale barazani nimewaandikia watu maombi ya maji, ya mipaka, ya kurudishwa kazini, na la mzee mmoja aliyetaka jogoo wa jirani anyamazishwe kwa amri ya serikali. Ingekuwa ajabu nikakosa maneno siku ninapoomba langu mwenyewe.

Bila shaka unamkumbuka mtafiti wa mimea uliyemruhusu kukata majani ya mikindu yetu. Ulisema akate tu, majani si dhahabu. Siku alipokuja kwenye meza yangu alikuwa na barua ya ombi yenye mstari mmoja: anaomba kukata majani, basi. Nilimweleza kwa upole kwamba mwenye shamba ni kaka yangu mkubwa, na kwamba kumwandikia mtu kama huyo mstari mmoja ni sawa na kuingia sebuleni kwake bila kubisha hodi. Akanisogezea karatasi, akasema basi niiongezee heshima mwenyewe. Ilipotoka mikononi mwangu ilikuwa imejaza ukurasa. Alitia sahihi huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, na tangu siku ile tumeelewana vizuri. Watu wa huku walimpa jina la Bibi Mkasi, kwa sababu ya mkasi aliouning'iniza kiunoni kila alikokwenda.

Kazi ya Bibi Mkasi ni hii. Mkindu ni mti usiochagua sana makazi. Unaota katika misitu yenye unyevu, kandokando ya mito na vinamasi, na unaota pia katika misitu mikavu, juu ya mawe, mahali ambapo hata nyasi hulalamika. Yeye alitaka kujua kama mikindu ya pande hizo mbili ni ndugu wa karibu au wa mbali, na zaidi ya hapo alitaka kujua ni upande gani ambako mti na mti hutofautiana zaidi. Kila alipofika alikata kipande cha jani na kukitia katika kifuko cha kukaushia. Majani yalipelekwa maabara ili vinasaba vyake visomwe, yaani ile asili ambayo mti huirithi kwa mama yake na baba yake, kama wewe ulivyorithi pua ya baba na mimi nikarithi haya ya mama. Mikindu, kama mnavyojua, ina madume na majike. Majike ndiyo yazaayo, na madume hutoa chavua tu, ule unga wa maua, kisha husimama pale mwaka mzima bila shughuli nyingine inayoonekana.

Mimi nilimtabiria matokeo kabla hajaondoka. Nilimwambia, kwa uhakika wote nilio nao, kwamba utajiri uko bondeni. Bondeni mikindu ilikuwa imebanana hata jua likashindwa kufika chini, mirefu, iliyonyooka, yenye majani ya kung'aa. Kilimani kwetu kuna vichaka vilivyotawanyika, vingine vimepinda mgongo, vingine vifupi kama viti vya jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunibishia, nikachukulia ukimya ule kuwa ni kukubali.

Majani yakiwa bado maabara, ugonjwa ukaingia bondeni. Dada yetu ndiye aliyeuona wa kwanza. Alikwenda asubuhi kuvuna ukindu pamoja na wasusi wenzake, akashika jani changa la katikati, lile linalofaa kusuka, akalivuta kidogo tu. Likachomoka lote mkononi mwake kama kisu kinavyotoka alani, na pale lilipokuwa limekaa moyo wa mti ulikuwa umeoza na kunuka. Akashika la mti wa pili, likachomoka. Wa tatu vilevile. Alisema kwamba ilifika mahali akaacha kuvuta, kwa kuwa hakutaka kujua zaidi. Kabla mvua hazijakatika, ukingo wote wa mto, pande zote mbili, ulikuwa umegeuka kijivu.

Nilishuka kumwona. Nilimkuta ameketi uani ameshika tama, mbele yake pana rundo la mikanda ya plastiki, ile ya kufungia maboksi ya madukani, ambayo wasusi wameanza kuisukia vikapu kwa kuwa hakuna kingine. Kikapu chenyewe hupiga kelele kinapobebwa. Aliniambia kwamba wateja hukishika, hukitikisa, hukicheka, kisha hukirudisha chini kwa adabu, na kwamba adabu hiyo ndiyo inayomuumiza. Aliniomba nimwandikie barua mtu yeyote mwenye cheo. Nikamuuliza barua iombe nini. Akafikiri, akatazama upande wa mto.

"Iulize kwa nini hata mmoja haukubaki," alisema. "Ugonjwa huchagua. Huu haukuchagua. Miti imekufa kama iliyoagana."

Sikuiandika barua ile, kwa kuwa sikumjua mwenye cheo wa kuijibu. Jibu lilikuja lenyewe, kwa miguu. Bibi Mkasi alirudi na matokeo, akanikuta barazani, na nilipomsimulia habari za dada aliomba tushuke pamoja, kwa kuwa aliyo nayo yanamhusu yeye kuliko mimi.

Tuliketi uani kwa dada, na mtafiti akaeleza taratibu. Mikindu yote aliyoikata ukingoni mwa mto ilikuwa na vinasaba vilevile, bila tofauti. Haikuwa hata ndugu wa tumbo moja. Ilikuwa mti mmoja uliokatwa machipukizi na kupandwa, ukakatwa tena na kupandwa tena, mpaka ukajaza bonde. Kwa hiyo ugonjwa ulipoupata udhaifu wa mti mmoja ulikuwa umeupata wa yote, na haukuwa na sababu ya kuchagua. Alisema kwamba kwa macho ule ulikuwa msitu, lakini kwa vinasaba ulikuwa mkindu mmoja tu.

Dada alisema kwamba hajawahi kuliona jambo hilo kwa namna hiyo, kwa kuwa wao waliliita kazi nzuri. Alimweleza mgeni jinsi walivyofanya, na jinsi nyanya na mama walivyofanya kabla yake. Palikuwa na mkindu mmoja karibu na kivuko, uliojulikana kwa jina la Laini, ambao majani yake yalikuwa marefu kuliko yote na hayakuchana vidole. Kila mkindu ulipozeeka, msusi alikwenda kwa Laini, akachukua chipukizi, akalipanda pale pa mzee. Nani angepanda mbegu asiyojua itatoa jani gani? Na madume waliyakata yakiwa bado machanga, kwa kuwa iliaminika kwamba hunywa maji bure na jani lake huvunjika kwenye mkunjo. Msusi aliyeacha dume limesimama upande wake alichekwa kuwa mvivu. Hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa bidii na usafi, walilisafisha bonde likabaki na mti mmoja.

"Tuliung'oa sisi wenyewe ule ambao ungebaki," alisema dada, wala hakulia. Alisema hivyo akikunja mkanda wa plastiki.

Bibi Mkasi hakumlaumu. Alisema kwamba mkulima yeyote mzuri angefanya hivyohivyo, na kwamba hakuja kumtafuta mkosaji. Ndipo akatoa habari ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Kilimani kwetu, ambako hakuna aliyejali kupanda wala kung'oa, hakukuta vichaka viwili vilivyofanana. Mbegu zilibebwa na ndege na nyani, madume yalisimama yapendavyo, miti ikaoana bila kusimamiwa na mtu. Ile iliyopinda na ile mifupi kama viti, kila mmoja una vinasaba vyake. Na mingine ina vitu ambavyo hakuviona katika msitu mwingine wowote kati ya yote aliyopita, mikavu kwa ya unyevu. Alinionya nisije nikaandika kwamba misitu mikavu yote ni tajiri na ya unyevu yote ni maskini. Kwingineko alikuta kinyume chake kabisa. Alichosema ni kuhusu bonde hili na kilima hiki, na mimi pia naandika kuhusu hivyo tu.

Kwa hiyo, Kaka, niliyetabiri kinyume ilinibidi niyameze maneno yangu mbele ya dada yetu, naye hakuniacha nipumue. Aliniita Mheshimiwa Nabii mpaka chai ikaisha, na akaniuliza kama nina utabiri wowote kuhusu mvua ili yeye ajue kuanika nguo.

Mtafiti hakuishia kwenye maabara. Alichukua udongo wa bondeni wenye ugonjwa, akaujaza katika mifuko ya miche kwenye kitalu cha misitu, akapanda humo machipukizi machache ya Laini yaliyosalia kwa wasusi, yaliyochukuliwa kabla ya ugonjwa, na miche iliyoota kutokana na mbegu za kilimani. Nilikwenda kuitazama. Machipukizi ya Laini yaliinamisha vichwa yote ndani ya wiki moja, mstari mzima. Miche ya kilimani haikukubaliana. Mingine ilikufa. Mingine ilinyauka, ikakaa inasitasita, kisha ikatoa jani jipya. Na michache iliendelea kukua kana kwamba haikuambiwa kuna ugonjwa. Nilipomuuliza ni nini kilichoiokoa hiyo michache, alinijibu waziwazi kwamba hajui. Ili ajue, anahitaji mama zake na baba zake wabaki wamesimama, na anahitaji miaka.

Siku zilezile ndipo mchimba mawe alipokuletea bei, nawe ukamkubalia kwa mdomo. Sikulaumu. Yeye mwenyewe si mtu mbaya, na haki inanitaka niseme hivyo. Nilimkuta kilimani akipaka rangi nyekundu kwenye mikindu ya mpakani ili dereva wa mashine ajue pa kuanzia. Alinisalimia vizuri, akanipisha kivulini, akaniuliza habari za wazee. Nilipomwambia kwamba miti ile ina faida, hakukasirika.

"Mdogo wa mwenye mali," aliniambia, "mti ukikatwa unaota. Jiwe likikatwa halioti tena, ndiyo maana lina bei."

Nilimpelekea Bibi Mkasi maneno yale kama yalivyo. Alikubali kwamba mkindu ukikatwa hutoa machipukizi, mradi mizizi ibaki ardhini. Lakini mchimba mawe hakati mti. Anakwangua udongo wote mpaka kwenye mwamba, mizizi na mbegu zikienda pamoja na kifusi, na baada yake hakuna pa kuotea.

Nawe pia, Kaka, ulinipa hoja yako kwenye simu, nayo ilikuwa hoja nzuri. Ulisema mtafiti akusanye mbegu kwanza, ajaze magunia apendavyo, kisha tuuze mawe na kila mtu aridhike. Hilo nalo nililifikisha. Jibu lake ni kwamba mbegu za msimu mmoja ni za majike yaliyozaa msimu huo tu. Yapo yanayopumzika, yapo machanga ambayo hayajazaa hata mara moja, na yapo madume ambayo chavua yake mwaka huo haikumfikia yeyote. Gunia la mbegu litabeba sehemu ya kilima tu, naye hawezi kuahidi kwamba mti utakaoliokoa bonde utakuwa katika sehemu hiyo. Alisema pia kwamba mche wa mkindu hauharakishwi. Mpaka ujulikane ni dume au jike, na jani lake lina tabia gani, aliyeupanda atakuwa amepata mvi.

Nilipokupigia tena, uliona nina jibu kwa kila hoja. Kisha ulisema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Mdogo wangu, mikindu itanirudishia macho?"

Nilisema mtandao unakatika, nao haukuwa unakatika. Jibu langu la maandishi ni hili, nami naliandika kwa herufi kubwa kidogo ili Shemeji asipotee njia.

Mikindu haitakurudishia macho, na mimi sitaki uendelee kuchomelea hata siku moja zaidi. Najua kwamba fedha za kilima ulizikusudia duka, ili uutoke moto na uketi mahali penye kivuli. Naliunga mkono jambo hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo ninapendekeza tubadilishane. Baba alikuachia wewe kilima kwa kuwa wewe ni mkubwa, akaniachia mimi nyumba ya mjini kwa kuwa ndiye niliyebaki kumuuguza. Chukua nyumba, nipe kilima. Thamani ya nyumba si pungufu ya bei ya mchimba mawe. Nilimwomba mthamini wa ofisi ya ardhi aikague, naye ni mtu asiyenipenda kwa kuwa nimewaandikia wengi malalamiko dhidi yake, kwa hiyo hakunipendelea.

Nyumba iko barabarani. Kila mwenye shida na ofisi yoyote hupita mbele ya baraza ile, kama ninavyojua kwa miaka yangu yote ya kukaa pale. Chumba cha mbele kinatosha duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, vitasa, kufuli, mabomba, vitu ambavyo mkono wako unavitambua hata ukiwa umefumba macho. Muuzaji wa mwisho wa vitu hivyo amehamia upande wa stendi, na watu wanamsonya kwa umbali. Vyumba vya nyuma vinapata upepo. Shemeji atapenda jiko, ila sitaficha kasoro: bomba la maji linadondosha kidogo, bati la kona ya kushoto linavuja mvua ikija na upepo, na jirani wa nyuma bado ni yuleyule. Basi la asubuhi kwenda hospitali ya macho linasimama mlangoni.

Sasa nimefika mahali pa lile jambo, Shemeji, nawe Kaka. Nimepiga moyo konde na ninalisema lote.

Mlipoona karatasi za mauzo hazitoki, Kaka alinipigia kuniuliza tatizo ni nini, nami nikamjibu kwamba maofisi ni mazito kama kawaida yao. Huo ulikuwa uongo. Ofisi haikuwa na uzito wowote. Kwa ardhi ya urithi huuliza kwanza kama yuko ndugu mwenye pingamizi, na ndugu huyo yuko. Ni mimi. Nililiandika pingamizi kwa mkono wangu, nikalipeleka mwenyewe dirishani, na karani alipoliona jina alidhani nimekosea nikaandika langu badala ya la mteja. Nilimwambia sikukosea. Kwa hiyo nilipokuwa nikikujibu kwenye simu, mauzo yalikuwa yamekwisha kusimama kwa ajili yangu. Kulipinga neno lako mbele ya watu wa nje ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na kukudanganya juu yake ni baya zaidi. Kwa pingamizi siombi radhi, kwa kuwa ningelitia tena. Kwa uongo ninaomba radhi kwa magoti.

Na lipo la pili. Barua hii siiandikii mjini. Ninaiandikia kilimani, katika kile chumba cha mawe ambacho baba aliwekea majembe. Tumehama. Nilimweleza mke wangu kila kitu nikitarajia ugomvi wa siku nyingi, hata hoja zangu nilikuwa nimezipanga kwa mpangilio. Aliniangalia tu.

"Mimi niliolewa na mwenye meza barazani," alisema. "Sasa naambiwa nina mume mwenye mikindu. Haya, shika godoro upande ule."

Alitoa sharti moja, kwamba nimjengee choo kabla ya kumjengea mkindu wowote uzio, na nimelitimiza. Tunachota maji mbali. Kazi za kuandika nimezifuata chini ya mti karibu na kisima, na waombaji wamenipata, ingawa wengine hufika wakihema na ombi lao huwa fupi. Meza yangu nimeiacha barazani, kwa kuwa duka linahitaji meza. Dada yetu hupanda kila wiki pamoja na wasusi wawili, wanaotesha mbegu katika mifuko, na wamejifunza kuyaacha madume, japo msusi mmoja bado huyatazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyefanya kazi. Bibi Mkasi ameshafunga vibao vidogo kwenye vichaka, juu ya ile rangi nyekundu.

Nilihama kabla ya kukuuliza ili usidhani ninabahatisha, au kwamba ninakupa nyumba kwa mdomo huku nimeikalia. Nyumba iko tupu na imefagiliwa. Funguo ziko kwa fundi cherehani wa jirani, naye ameambiwa asimpe mtu mwingine isipokuwa wewe au Shemeji.

Wala sikukusudia kukubana. Kilima ni chako na neno ni lako. Ukisema kiuzwe, siku nitakayopata jibu nitakwenda dirishani na kuliondoa pingamizi kwa mkono uleule, nitashusha mizigo yangu, na hutasikia kwangu nongwa wala kwa mke wangu kinyongo. Ila usinitake niandike kwamba nimeridhika. Hilo sitaliandika.

Wasalimu wanao wote na wajukuu, na uwaambie wadogo kwamba baba yao mdogo sasa ana nyani wanaoiba sabuni. Shemeji, ninakushukuru kwa sauti yako uliyoitumia mpaka hapa; sasa kunywa maji. Mke wangu na dada yetu wanatia salamu zao juu ya zangu.

Kaka, ninaomba uamuzi wako: tubadilishane, au uuze. Neno moja kati ya hayo mawili linatosha.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
mwandishi wa barua.